Pengo la Mfuko wa Wagonjwa

Kabla sijamaliza kutia kola ya shati moja la shule, binti yangu alikuwa amejitambulisha mara nne.

"Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na kwa usimamizi mdogo."

Mara nne, sauti ileile, macho ukutani, kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni.

"Shinikizo gani?" nikamuuliza.

"Mama, ndivyo inavyosemwa."

"Inasemwa na nani? Jana nimekuomba uoshe masufuria mawili ukaniambia mgongo unauma."

Mjomba wake akacheka. Huyu ni mdogo wangu wa kiume, anakaa chumba cha uani tangu biashara yake ya tatu ife. Mtaani wanamwita Najua, kwa kuwa hakuna jambo utakalomwambia asilolijua.

"Najua watu wa ofisi, dada," alisema. "Wanaangalia mkono. Ukimsalimia meneja, mbane vidole hasa, ajue umeingia. Lete mkono nikuonyeshe."

"Mkono wangu una sindano."

"Ndiyo maana hujaajiriwa."

Nikakanyaga cherehani nisimsikie.

Usaili ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, kwenye kampuni inayouza mabomba na matangi ya maji. Walitaka msaidizi wa mhasibu. Kwa binti yangu huu ulikuwa wa tatu. Ule wa kwanza alirudi anatabasamu, wakasema watampigia, hawakupiga. Wa pili hivyohivyo. Cheti anacho, alama anazo, na hesabu anazipenda tangu akiwa mdogo, lakini kila akiingia kwenye vile vyumba anatoka mikono mitupu, na hakuna anayemwambia amekosea wapi.

Na nyuma ya huo wa tatu alisimama shangazi yake. Wifi yangu ana duka la magodoro katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Marehemu mume wangu alipofariki, ni yeye aliyemalizia ada ya chuo, kwa hiyo akisema neno mimi sina mdomo wa kumjibu. Na alishalisema: "Wifi, mara ya tatu ikipita bure, nakuja kumchukua. Akae na mimi, auze magodoro, ajifunze maisha. Kaka yangu hakumsomesha aje kuokota vipande vya vitambaa miguuni mwako." Kitanda alishamnunulia. Binti hataki kwenda, nami sitaki aende. Ndiye mtu pekee niliyebaki naye ndani ya nyumba hii. Kuna Najua, ndiyo, lakini Najua simhesabu.

Basi ndiyo hali tuliyokuwa nayo siku ya Jumatano, alipoingia mteja wangu mmoja na suruali mbili kwapani. Huyu mzee alikuwa mkaguzi wa hesabu serikalini miaka thelathini na moja, sasa amestaafu na anazidi kukonda, kila baada ya miezi michache analeta suruali nipunguze kiuno. Anabishia bei. Kisha anadai arudishiwe vile vipande nilivyokata. Sikuwahi kumpenda. Ila siku hiyo nikamtazama alivyokaa kwenye benchi la wateja akisikiliza "shinikizo na usimamizi mdogo" huku amekunja uso, nikapata wazo.

"Mzee, muulize maswali ya kazi huyu. Suruali nitakupunguzia bure."

"Bure haipo," alisema. "Andika kwenye risiti, 'kwa makubaliano'."

Nikaandika. Akamgeukia binti yangu.

"Unatunza sanduku la fedha ndogondogo za ofisi. Jioni unahesabu, imepungua elfu mbili. Unafanya nini?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo binti yangu aliuacha ukuta. Mgongo ukanyooka. Jibu lile hakulitoa kwenye kijitabu chake cha maswali ya usaili.

"Naongeza zangu, mzee. Kitabu kinalala safi."

Nikatikisa kichwa kwa furaha. Huyo ndiye mwanangu.

Mkaguzi hakutikisa kitu. "Kule ulikokwenda, walikuuliza swali hili?"

"Ndiyo. Kote kuwili."

"Ukawajibu hivi?"

"Ndiyo."

"Kwa fahari hivihivi?"

Binti yangu akanitazama.

"Nani kakufundisha?" mzee akauliza.

"Mimi," nikasema. "Kuna tatizo?"

Nilieleza, maana nilikuwa na haki ya kueleza. Miaka tisa sasa mimi ni mtunza mfuko wa wagonjwa wa kikundi chetu cha kina mama cha sala. Kila wiki kila mmoja anatia alichojaliwa, na mwenzetu akiugua tunamwendea tukiwa na kitu mkononi. Mwisho wa mwezi kitabu kinasomwa mbele ya wote. Miezi mingine inapungua. Huku elfu moja, huku mia saba. Naongeza kutoka kwenye ushonaji wangu, kimyakimya, siutangazii ulimwengu. Binti yangu ndiye aliyekuwa ananishikia kalamu tangu ana miaka kumi na miwili. Ameona. Hayo ndiyo malezi niliyompa, na siyaonei haya.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nitamsifu.

"Mama," alisema, "mwizi akitaka kuficha upungufu anabadilisha namba. Wewe unaweka pesa. Mimi nikija kukagua, nyote wawili mmenificha kitu kilekile, kwamba fedha ilipungua."

"Unanifananisha na mwizi? Ndani ya nyumba yangu?"

"Nakufananisha na mtu aliyepaka rangi juu ya ufa."

"Mungu anaona ninachotoa."

"Mungu anaona. Wenzako je?"

Halafu, kama mtu aliyeuliza saa, akasema marinda ya suruali yasiguswe, kiuno tu. Nilikanyaga pedali uzi ukakatika. Alipotoka niliichana ile risiti ya makubaliano, nikaandika nyingine yenye bei kamili.

Binti yangu, kwa upande wake, alikuwa ameandika kila neno. Usiongeze, usipunguze. Andika upungufu kama ulivyo, weka sahihi, mwambie mkubwa wako siku hiyohiyo, tafuta ulikotoka. Mistari minne, amepigia mstari chini.

Ungedhani kazi imekwisha. Alhamisi tukafanya mazoezi, Najua akiwa meneja. Alivaa tai ya marehemu juu ya fulana, akaweka miguu juu ya kiti changu cha wateja.

"Karibu, binti. Kampuni yetu ni kubwa. Imepungua elfu mbili. Sema!"

"Naongeza... hapana. Naripoti... yaani..." Macho yakaja kwangu.

"Mwangalie meneja," nikasema.

"Imepungua elfu mbili!" Najua akafoka. Alikuwa anafurahia mno.

"Naripoti kwa..." Macho tena kwangu.

Ijumaa vilevile. Kodi ya zuio alijibu, kuchakaa kwa mali alijibu, hata Najua alipomuuliza mji mkuu wa nchi fulani ya barafu, alijibu. Tukifika kwenye elfu mbili, gari linazima. Mistari minne! Aliyeandika ni yeye, na anaweza kuisoma kinyumenyume. Mwishowe uvumilivu ukanishinda.

"Mbona unaniangalia mimi? Mimi ndiye nitakayekuajiri? Nitakulipa kwa vifungo?"

"Mama, nikisimama pale nikasema anayeongeza zake anaficha, nitakuwa nimemsema nani?"

Nikaokota kifungo sakafuni.

"Nitakuwa nimekusema wewe. Mbele ya watu nisiowajua. Ulimi unakataa, mama. Si kwamba sijui."

Najua akalegeza tai. "Najua la kufanya. Akiulizwa, aseme mama yake alishafariki."

Nikamtupia chaki ya kuchorea vitambaa. Ikampata sikioni.

Nilikuwa na hasira, nisiseme uongo. Nilimkasirikia binti yangu kwa kunipenda mahali pasipotakiwa. Nilimkasirikia yule mzee mkavu na marinda yake. Alfajiri ya Jumamosi nilisali, na nilikusudia kumshitaki kwa Mungu. Nilianza vizuri. Nilipofika mahali pa kutaja kosa alilonitendea, nikatafuta, nikatafuta, nikabaki nimepiga magoti kama mtu aliyesahau alichoingia kuchukua chumbani. Ikabidi niombee mengine.

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kusoma kitabu. Asubuhi nikahesabu. Kitabu kilisema elfu arobaini na moja, mkobani mlikuwa na elfu thelathini na saba na mia tano. Nikahesabu tena. Imepungua elfu tatu na mia tano, nyingi kuliko kawaida. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkebe wa vifungo ninakoweka akiba. Si mimi niliyeutuma. Miaka tisa umeizoea njia.

Nikainua macho, binti yangu amesimama mlangoni na pasi mkononi. Alinitazama tu kama mtu anayesubiri kuona gari litapita upande gani, na nikaelewa kwamba hapo ndipo usaili wake ulipo. Jumatatu na ile kampuni ya mabomba ni baadaye. Nikiongeza, ameshajibu. Ataingia kule, ataulizwa, ulimi utakataa, na Jumanne wifi yangu atakuwa ananunua tiketi.

Nikaufunga mkebe.

"Weka hiyo pasi," nikamwambia. "Twende wote."

Tulikuwa kina mama kumi na saba kwenye kile chumba cha nyuma, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kunung'unika. Nikasimama na kitabu. Nimesimama pale mara zaidi ya mia moja, na siku zote husema neno moja, "imekamilika," kisha nakaa.

"Mwezi huu kitabu kinasema elfu arobaini na moja," nikasema. "Mkobani mna elfu thelathini na saba na mia tano. Iliyopungua sijui iko wapi."

Feni ikanung'unika peke yake.

Mwenyekiti akauliza kwa upole, "Hii ni mara ya kwanza, mama?"

Pale nilipewa mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, na wangesema pole. Binti yangu alikaa kiti cha mwisho karibu na dirisha.

"Hapana. Huwa inapungua. Huwa naongeza zangu."

Nikangoja. Sitaficha, kulikuwa na kipande changu kidogo kilichongoja kusifiwa. Aliyeanza ni mama muuza mkaa, ambaye mimi na yeye hatujawahi kuiva chungu kimoja.

"Kwa hiyo miaka yote tunajisifu tunachanga, kumbe unachanga wewe?"

"Si hivyo..."

"Ni hivyo! Mimi natoa mia tano najua tumevuka, kumbe tumebebwa mgongoni kama watoto! Nani alikuomba mgongo?"

"Muache, alikuwa na nia njema," mmoja akasema.

"Nia njema ningeijua ningetoa elfu!"

Kelele zikapanda. Wawili wakasema nimefanya vizuri, watano wakasema nimewadharau, wengine wakasema yote mawili. Katikati ya hayo, bibi mkunga, ambaye masikio yake ni mazito na huwa wa mwisho kujua mada, akainua mkono.

"Elfu tatu na mia tano?"

"Ndiyo, bibi."

"Ile nauli."

"Nauli gani?"

"Si nilichukua wiki ya pili, kumpeleka yule mama wa mapacha hospitali. Mkoba ulikuwa mezani. Nikakukuta unasali, nikaona nisimkatishe mtu na Mungu wake. Nikamwambia mwenyekiti akwambie."

Mwenyekiti akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nilisahau. Jamani, nilisahau."

Dakika moja, au mbili, ndizo zilizotosha. Lile pengo lilikuwa na mwenyewe, lina sababu, tena sababu njema kuliko zote mle chumbani, na halikuhitaji zaidi ya mtu mmoja kusimama aulize. Nikafikiria zile elfu moja na zile mia saba za miaka tisa. Ngapi zilikuwa nauli, ngapi dawa, ngapi mtu alichukua akaagiza nikaambiwe nami nikiwa nimefumba macho? Sitajua tena. Nilizifukia mwenyewe kwa mikono yangu, kwa haraka ya kusema "imekamilika".

Walibishana saa nzima. Wakakata shauri kwamba anayechukua aandike jina na sababu, hata kama mtunza mfuko anasali, hata kama anazungumza na malaika. Na wahesabuji wawe wawili. Wa pili wakamchagua mama muuza mkaa. Aliupokea ule wadhifa akinitazama mimi, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Basi, nilikwenda pale mtunza mfuko, nikarudi nusu ya mtunza mfuko.

Njiani binti yangu akanishika mkono. "Pole, mama."

"Pole ya nini? Shati lako halijanyooshwa."

Jumatatu tulifika saa mbili kasoro. Najua alitaka kuja kumshika mkono meneja, nikampa sare ishirini za shule akazipeleke upande wa pili wa mji. Mlinzi wa getini akaniruhusu nikae kwenye benchi pembeni ya kibanda chake, karibu na lundo la mabomba ya plastiki. Waliitwa watu kumi na wawili. Wakaingia pamoja kufanya kwanza karatasi ya kuandika.

Saa nne na nusu wakaanza kutoka. "Imelingana!" mmoja alimwambia mwenzake. "Hata yangu!" Kijana mmoja mwenye viatu vyenye kung'aa alitoka anapiga mluzi. Wakasimama kivulini, wakicheka, wakisubiri kuitwa ndani mmojammoja.

Wangu alitoka wa mwisho, uso kama kitambaa kilichonyeshewa.

"Vipi?"

"Haikulingana."

"Nini haikulingana?"

"Wametupa taarifa ya benki ya mwezi mmoja na kitabu cha kampuni, tuvilinganishe. Kuna pengo la elfu kumi na nane. Nimelitafuta mpaka muda umekwisha."

"Na hawa wengine wamelipata wapi?"

"Aliyekaa karibu yangu aliandika 'makato ya benki', akafunga hesabu."

"Na wewe umeandika nini?"

"Nimeandika pengo ni elfu kumi na nane, hati yake sijaiona, nahitaji kumuuliza aliyefanya malipo."

Nikahisi benchi linazama. "Umewaandikia kwamba hujui? Kwenye usaili wa uhasibu?"

"Si ndivyo ulivyosema Jumamosi?"

"Jumamosi ilikuwa kwa kina mama! Hapa ni ofisini!"

Mlinzi akajifanya anasoma daftari lake la wageni, limegeuzwa juu chini.

Na hapa, Mungu anisamehe, nilimwambia arudi. Nilimwambia agonge mlango, aseme amesahau kitu, aandike makato ya benki kama wenzake. Mimi, niliyetoka kupoteza nusu ya wadhifa siku mbili nyuma. Nilimwona wifi yangu akishuka kwenye basi, nilikiona kile kitanda kipya, na yote niliyojifunza yakanitoka kama maji kwenye chujio.

"Sirudi, mama," alisema.

"Nakwambia nenda."

"Sirudi. Pengo lipo. Nikiandika makato ya benki litakuwepo vilevile, ila hakuna atakayelitafuta tena."

Tangu nimemzaa hajawahi kuniambia hapana mbele ya mtu. Nilifungua kinywa, na nilikuwa na mengi ya kusema, lakini mlango ukafunguliwa akatoka mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, karatasi moja mkononi. Wale waliokuwa kivulini wakajinyoosha.

"Nani aliyeacha pengo?"

Kijana wa viatu vyenye kung'aa akageuka kuangalia ni nani huyo maskini.

"Mimi," binti yangu akasema. Hakunitazama. Alimtazama yule mama usoni.

"Njoo utueleze. Hilo swali lako, ungeanza kumuuliza nani?"

Akaingia. Mlango ukafungwa. Nikakaa dakika arobaini nikihesabu mabomba, nikipoteza hesabu, nikianza upya. Wale wengine waliitwa mmojammoja kwenye mlango wa pili, hawakukaa ndani hata dakika tano, wakatoka na lile neno la "tutakupigia". Mlinzi akanimiminia maji kwenye kikombe chake.

"Kunywa, mama. Unatetemesha benchi."

Binti yangu alipotoka alikuwa na bahasha. Miezi mitatu ya majaribio, kisha wataona. Aanze tarehe moja. Yule mama wa miwani ndiye mhasibu mkuu, na ile hati ya elfu kumi na nane aliitoa mwenyewe kwenye faili kabla ya usaili, akaifungia kwenye droo yake. Hakuna ambaye angeipata, hata angetafuta mpaka mwakani.

"Ameniuliza nilifundishwa wapi," binti yangu alisema.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nyumbani. Kwanza vibaya, halafu vizuri."

"Ungeishia kwenye nyumbani."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

Wifi yangu nitampigia jioni, nikishapumzika, asubuhi moja haibebi mabishano mawili. Nikaifungua ile bahasha nisome wanachotaka. Nakala za vyeti, barua ya afya, picha mbili ndogo zenye ukuta wa bluu nyuma, na vyote vifike kabla ya saa kumi leo. Leo! Nikamtazama mwanangu kuanzia juu mpaka chini. Shati la bluu.

Kulikuwa na duka la picha ng'ambo ya barabara. Mpiga picha akapiga ya kwanza, tukaona kichwa kinaelea chenyewe kama mwezi. Nikavua kitambaa changu cheupe cha mabega, nikamfunga, nikamwambia asimame wima na asicheke, picha ya kazi haichekwi. Mpiga picha akasema ngojeni nihesabu, moja, mbili. Binti yangu akacheka. Ikabidi tulipie ya tatu.